Uzinduzi wa Printa Iliyopotea Ghorofani

Jumatatu tarehe tano Januari, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, ofisi hii iliipoteza printa yake. (Minong'ono.) Naomba utulivu. Haikuibwa. Haikuungua. Iko pale pale ilipokuwa, ghorofa ya kwanza, chumba cha pili mkono wa kulia ukimaliza ngazi, taa yake ya kijani inawaka, na mimi mwenyewe nimepanda kuiona kwa macho haya mara nne. Imepotea mtandaoni. Yaani yenyewe ipo, lakini kompyuta iliyoko chini haina habari nayo.

Hata hivyo, kabla sijazama katika kiini cha jambo lililotukutanisha, itifaki ni itifaki. Mheshimiwa Kaimu Naibu Mkurugenzi, ambaye hakuweza kufika lakini amemtuma mwakilishi. Mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye naye yuko njiani. Bwana Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Uunganishaji. Bibi Makamu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu hiyo hiyo. Sheikh wetu aliyetufungulia kwa dua. Mchungaji wetu atakayetufungia kwa maombi. Wazee wa mtaa, wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana mliokaa kwenye viti, nanyi mnaosimama kwa kuwa viti ni kumi na viwili. Na wewe mwenye tuktuk unayepiga honi huko nyuma, rudi ulikotoka, uchochoro huu umefungwa kwa shughuli rasmi: asalaam aleikum! (Aleikum salaam.) Asalaam aleikum tena! (Aleikum salaam, kwa uchovu.) Bwana asifiwe! (Amina.) Uunganishaji oyee! (Katibu wa mzungumzaji, Bi Mwikali, anasema "oyee" peke yake, akiangalia simu.)

Asanteni kwa mwitikio huo mkubwa. Kwa wale wasionijua, na sidhani kama wapo (Sauti: "Tupo!"), mimi ni Khubaib Athmani, Mkurugenzi Msaidizi wa Ofisi Ndogo ya Vibali vya Marekebisho ya Nyumba za Mawe, mwenye stashahada mbili, vyeti kumi na sita vya kuhudhuria wokshopu, na uzoefu wa miaka ishirini na miwili katika utumishi wa umma bila ya kuandikiwa hata barua moja ya onyo. (Sauti: "Ingechapishwa wapi?" Kicheko.) Cheka, ndugu yangu, lakini siri ya mafanikio yangu ni moja tu, nami leo nawapa bure: mimi husoma kila kilichoandikwa mbele yangu, mwanzo hadi mwisho. Sijapata kuruka mstari. Wapo wenzangu wanaojitungia maneno jukwaani, na mmeona walikoishia. Mimi nikiandikiwa, nasoma, sasa tua hapa, unywe maji, uwatazame wananchi kwa huruma. (Anatua. Anakunywa maji. Anawatazama wananchi kwa huruma. Kicheko.)

Mabibi na mabwana, ofisi hii, kama mjuavyo, ndiyo inayompa mwananchi wa Mji wa Kale ile karatasi moja ambayo bila hiyo haruhusiwi kugusa jiwe, boriti, mlango wala dirisha la nyumba iliyozidi umri wa miaka mia. Karatasi hiyo ina nembo, na karatasi zenye nembo zimo ndani ya printa moja tu, ya ghorofani, kwa sababu za kiusalama ambazo kwa sababu za kiusalama siwezi kuzieleza. Asubuhi ile ya Januari, kibali nambari moja cha mwaka huu kilikuwa kinatoka, kinateremka taratibu kama inavyotakiwa, mara umeme ukakatika. Uliporudi baada ya dakika ishirini na tatu, printa iliwaka, rauta ya kugawa mtandao ikawaka, kompyuta ya Bi Mwikali ikawaka, kila mmoja akawaka kivyake, lakini hawakujuana tena.

(Mwanamke aliyesimama kando ya mlango, Bi Mwanakuu, mwenye duka la vipuri vya malori kule Shimanzi, ananyanyua juu karatasi iliyochanika katikati.)

Naiona, Bi Mwanakuu. Sote twaiona. Shusha mkono, mama, utachoka. (Mwanakuu: "Siku themanini na tano sijachoka, nitachoka leo?") Kwa faida ya wageni wetu, Bi Mwanakuu ndiye mwenye kibali hicho nambari moja, na hiyo aliyoishika ni nusu iliyokuwa imeshatoka umeme ulipokatika. Nusu nyingine haikupata kuchapwa. Hebu tusomee, mama, sauti yako yasikika vizuri. (Mwanakuu: "Imeandikwa hivi: Bi Mwanakuu, mwenye nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya ofisi hii, ameruhusiwa ku. Basi. Hapo ndipo palipokatika.") Ameruhusiwa ku! (Kicheko.) Msicheke, hili ni jambo la kujivunia. Nataka niliseme wazi mbele ya wadau: hiyo ni asilimia hamsini ya kibali, na katika mpango mkakati wetu wa robo ya kwanza, lengo lilikuwa asilimia arubaini. Kwa upande wa Bi Mwanakuu, basi, ofisi imevuka lengo kwa pointi kumi. Makofi tafadhali. (Anapiga makofi peke yake.)

(Mwanakuu: "Nami nitengeneze nusu ya dari? Mamangu, Bi Zakiya, ana miaka themanini na moja, yualala chini ya boriti zilizoshikiliwa na magongo mawili. Ukutani pana ufa. Mwezi wa kwanza nilipoupima ulikuwa milimita nne. Leo asubuhi nimeupima, milimita kumi na moja. Boriti mpya ziko uchochoroni tangu mwaka jana, fundi yuko, chokaa iko. Fundi kila akipanda ngazi, askari wenu yuwamteremsha amwambia kibali hakijakamilika. Mvua hizi zaja, Bwana Khubaib. Mwataka tungoje hata lini?")

Nashukuru sana kwa takwimu hizo, Bi Mwanakuu; ni takwimu zenye ubora wa hali ya juu na Bi Mwikali ataziingiza katika ripoti pindi ripoti itakapokuwa inaweza kuchapishwa. Na hilo la "hata lini" ndilo linalonileta katika sehemu ya pili ya hotuba yangu, inayoitwa Tulikotoka.

Tulikotoka, mabibi na mabwana, ni mbali. Hamuwezi kusema tumelala. Ndani ya siku themanini na tano, Ramadhani imeingia na imetoka, Idi tumeswali, na Kamati Kuu ya Uunganishaji imekaa vikao kumi na tisa, yaani wastani wa kikao kimoja kila siku nne na nusu, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa na ofisi yoyote ya ukubwa wetu katika kisiwa hiki. Fezi, yaani awamu, ya kwanza iliitwa Utambuzi wa Tatizo. Katika fezi hiyo tuliizima printa kisha tukaiwasha. Kwenu nyinyi yaonekana ni jambo la mkono mmoja, lakini hatua hiyo peke yake ilichukua vikao vitatu, kwa sababu upande mmoja wa kamati ulitaka izimwe kwanza ndipo iwashwe, na upande wa pili ulitaka kujua nani atabeba dhamana endapo itakataa kuwaka. Hatimaye iliwaka. (Makofi machache.) Kompyuta ikaendelea kusema haipatikani. (Makofi yanakoma.)

Fezi ya pili ilikuwa ziara ya mafunzo. Kwa kuwa huwezi kuitengeneza printa isiyofanya kazi kama hujapata kuiona inayofanya kazi, maafisa kumi na mmoja wakiongozwa na mimi tulisafiri hadi Ganjoni. (Sauti: "Ganjoni hapo? Kwa tuktuk ni dakika kumi!") Tulisafiri hadi Ganjoni, tukakaa siku nne, pamoja na malazi, katika ofisi ya wenzetu yenye printa ya aina moja na yetu. Tulijifunza mengi. Printa ile ilikuwa ikichapisha. Tuliitazama ikichapisha asubuhi, tukaitazama ikichapisha jioni, tukapiga picha nayo kwa mafungu, wanawake kwanza. Siku ya nne, mjumbe mmoja wa kamati aliuliza wenzetu wameiunganishaje, lakini muda ulikuwa umekwisha na basi letu lilikuwa likingoja.

Fezi ya tatu, Uwajibishaji. Hapa nataka mnisikilize kwa makini kwa kuwa pameenezwa maneno. Washukiwa walikuwa wanne: umeme, rauta, kompyuta na ukuta. Umeme una wakubwa zake, sisi hatuna mamlaka nao. Rauta iko chini ya dhamana ya muuzaji, ukiigusa umevunja mkataba. Kompyuta ni ya Bi Mwikali, na Bi Mwikali ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kamati, kwa hivyo ingekuwa si haki kuhoji mwenendo wa kompyuta yake mbele yake. Akabaki ukuta. Ukuta unaotenganisha printa na ngazi una unene wa inchi ishirini na nne, mawe ya matumbawe na chokaa, umejengwa na watu wasiojulikana bila ya kushauriana na idara yoyote. Tuliupa ukuta muda wa wiki mbili. Ukuta haukuleta utetezi wowote kwa maandishi. (Kicheko kirefu.) Kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba ukuta unazuia mawimbi ya mtandao.

(Mwanakuu: "Printa ile mlikuwa nayo miaka mitatu, yachapisha kila siku. Ukuta ulikuwa wapi miaka hiyo? Ulikuwa umesafiri?" Kicheko, makofi.)

Hilo ni swali zuri sana, na kwa uzuri wake limeundiwa kamati ndogo. (Anafungua ukurasa.) Baada ya kumpata mhalifu, tukapata na dawa: kutoboa tundu la milimita nane ukutani, kupitisha waya mmoja wa mtandao kutoka kwenye printa hadi kwenye rauta. Rahisi, ya bei nafuu, endelevu. Lakini sisi si watu wa njia za mkato, ndugu zangu. Sheria ndogo ya ofisi hii, ibara ya kwanza kabisa, yasema hakuna mtu, awe nani, atakayetoboa ukuta wa nyumba iliyozidi miaka mia bila ya kibali. Na jengo hili lina miaka mia na sitini. Je, mlitaka tujipendelee? (Sauti: "Ndiyo!") Hatukujipendelea. Mimi mwenyewe, kama mwombaji, nilijaza fomu, nikaleta picha za ukuta za mbele na za ubavuni, nikakaa nje kwenye benchi pamoja na raia wengine kwa dakika arubaini nikingoja kuitwa. Kisha mimi, kama Mkurugenzi Msaidizi, nikajiita ndani. Nikajiuliza maswali magumu. Nikajibu kwa ukakamavu. Nikajipongeza kwa kuleta maombi yenye viambatisho kamili, nikayapitisha siku hiyo hiyo, jambo linaloonyesha kwamba ofisi hii, mwananchi akija na karatasi zake sawasawa, haicheleweshi mtu. Sasa kibali cha kutoboa ukuta kiko tayari kabisa. Kimebaki kuchapishwa tu.

(Mmoja anaanza kucheka, na wengine wote wanamfuata. Sheikh anajifuta macho.)

Hiki kicheko sikielewi. Kiko kwenye foleni ya kompyuta ya Bi Mwikali, nambari mia mbili na kumi na tatu, na nambari moja, kwa wale mnaodhani tumewasahau, bado ni Bi Mwanakuu. Foleni yetu ni ya haki. Hakuna aliyempita mwenzake kwa kuwa hakuna aliyesogea. (Mzee Karisa, fundi wa chokaa, kutoka kwenye kivuli cha baraza: "Mkurugenzi, kwani hiyo printa ina mizizi? Iteremsheni chini, muiweke ubavuni mwa kompyuta, waya wa shibiri mbili watosha!") Mzee Karisa, nakuheshimu kwa mvi zako, lakini printa hiyo imeandikishwa kama mali ya ghorofa ya kwanza. Kuiteremsha ngazi kumi na nne ni uhamisho wa mali ya umma kutoka kituo kimoja hadi kingine, na uhamisho una fomu yake, rangi ya manjano, nakala tatu. (Mzee Karisa: "Na fomu zachapishwa wapi?") Karisa, kaa chini. (Mzee Karisa: "Sina kiti.")

Sasa niyajibu maneno ya mtaani, maana najua ndiyo yaliyowaleta wengi wenu hapa. Yasemwa kwamba Bi Fadhiya, mwenye duka la fotokopi lililo mkabala na ofisi hii, aliingia hapa Alhamisi tarehe kumi na mbili Februari, akapanda ngazi bila ya kubeba hata bisibisi, akabonyeza kitufe kimoja cha printa kwa sekunde tano, na printa ikatoa ukurasa unaoeleza habari zake yenyewe; akasoma humo kwamba nambari ya printa kwenye mtandao inaishia ishirini na tatu; akateremka, akatazama kompyuta ya Bi Mwikali, akakuta kompyuta inaitafuta kwenye kumi na saba. Yasemwa alisema hivi, nami nanukuu kama nilivyoandikiwa: "Bwana Khubaib, ukuta hauna kosa. Umeme ulipokatika, rauta iliwaka upya ikagawa nambari upya. Printa imehamishwa nyumba, nayo kompyuta yaendelea kubisha hodi nyumba ya zamani. Nipe dakika saba niiandike nambari mpya, niifunge isihame tena."

Je, maneno haya ni kweli? Ni kweli. (Mshangao.) Lakini ukweli hauwezi kuingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Tulimuuliza Bi Fadhiya swali moja la kiutaratibu: una barua ya kusajiliwa kuwa mtoa huduma wa ofisi hii? Hakuwa nayo. (Fadhiya, akiwa mlangoni mwa duka lake: "Barua hizo mwazitoa nyinyi wenyewe, na printa yenu imekufa! Ningeipata wapi?") Hilo ni upande wako, Bi Fadhiya, sisi tunatazama upande wetu. (Fadhiya: "Mlinitoa kwa askari nikiwa dakika ya tatu, mkono wangu uko kwenye kibodi!") Ulitolewa kwa heshima na ukasindikizwa hadi mlangoni kwako, hatua tisa. Nataka niongeze pia, kwa moyo wa shukrani, kwamba ukurasa ule ulioutoa umewekwa kwenye fremu ofisini kwangu, kwa kuwa ndio ukurasa pekee mzima uliochapishwa na ofisi hii mwaka huu. Ukijumlisha na ule wa Bi Mwanakuu, uzalishaji wetu wa robo ya kwanza ni ukurasa mmoja na nusu, karatasi yenye nembo, bila ya kosa hata moja la tahajia.

(Fadhiya: "Ukipenda nimalizie hizo dakika nne sasa hivi. Sitaki hata senti.")

Tafadhali. Tusichafue siku ya leo kwa papara.

Siku ya leo! Mabibi na mabwana, sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Leo, Jumanne tarehe thelathini na moja Machi, ninayo furaha isiyo kifani kuzindua rasmi Mradi wa Uunganishaji Endelevu wa Printa, kwa kifupi MUEPRI! (Bi Mwikali anapiga makofi.) MUEPRI utaifanya ofisi hii kuwa kitovu cha uchapishaji katika ukanda mzima. MUEPRI utakuwa na nguzo saba, dira moja, na mratibu. Kwa mujibu wa makadirio ya kitaalamu, ifikapo mwaka wa tano wa mradi, asilimia themanini na tano ya kompyuta zetu (tunayo moja) itakuwa ikifahamiana na asilimia tisini ya printa zetu (tunayo moja), na mwananchi atakayeleta maombi yake asubuhi atakuwa na matumaini ya hali ya juu kufikia jioni. Wanawake hawatasahauliwa. Walemavu hawatasahauliwa. Ukuta hautasahauliwa, sisi hatuna kinyongo nao, na katika nguzo ya sita ukuta umeorodheshwa kama mdau.

Hapa mbele yenu, juu ya meza hii, chini ya kitambaa hiki cha kijani chenye utepe, ipo alama ya safari yetu. Naomba mkasi. (Hakuna mkasi. Mzee Karisa anatoa kisu cha kumenyea maembe.) Bismillahi. (Anakata utepe, anavuta kitambaa. Printa ndogo nyeupe inaonekana. Makofi ya kweli kwa mara ya kwanza. Mwanakuu anasogea mbele, anaitazama nyuma yake, kisha pembeni. "Mbona haina waya?") Ni ya kisasa, Bi Mwanakuu. (Mwanakuu: "Hata waya wa umeme?") Ni ya kisasa sana.

Kabla sijaketi, naomba tuseme pamoja kaulimbiu zetu. Printa moja! (Kimya.) Nyinyi mnaitikia: ndoto moja. Printa moja! (Wachache: "Ndoto moja.") Ukuta si kikwazo! (Sauti: "Nambari ndiyo kikwazo!") Ukuta ni mdau! MUEPRI juu! (Sauti: "Ghorofa ya kwanza!" Kicheko.)

Na sasa shukrani, ambazo Bi Mwikali ameziandika kwa mkono wake nami nazisoma kama zilivyo. Namshukuru Bi Fadhiya kwa kutuazima printa hii iliyokuwa chini ya kitambaa, ambayo ilikufa mwaka juzi naye huitumia kuzuia mlango wa duka lake usipigwe na upepo, na ambayo anataka irudishwe leo kabla ya saa kumi. (Mshangao.) Namshukuru Bi Fadhiya huyo huyo kwa kuichapisha hotuba hii dukani kwake, kurasa kumi na mbili, leo saa mbili asubuhi, kwa dakika moja na nusu. Namshukuru mfadhili wa MUEPRI, ambaye hatujamwandikia. Namshukuru mkandarasi wa MUEPRI, ambaye hayuko. Nawashukuru wajumbe wa kamati kwa vikao kumi na tisa, na kwa uaminifu mkubwa nasema kwamba katika kumbukumbu zote kumi na tisa nilizoziandika mimi, neno MUEPRI halimo, maana mradi huu hauna faili, hauna mratibu, hauna nguzo hata moja, una jina tu, ambalo Mkurugenzi Msaidizi alilipata juzi Jumapili akiwa kwa kinyozi. (Kelele. Anamgeukia katibu wake.) Bi Mwikali! Hivi ndivyo ulivyoandika? (Mwikali: "Uliniambia niandike shukrani za dhati, bosi. Nimeandika za dhati.")

Basi. Imeandikwa. Nilisema siruki mstari, na sitaanza leo mbele ya Sheikh na Mchungaji. Umebaki ukurasa mmoja, wa kumi na tatu. (Anaupindua. Pini yake ni mpya. Ng'ambo ya uchochoro, Fadhiya amekunja mikono.) Nasoma.

Mimi, Mwanakuu. (Kicheko. Anakohoa.) Mimi, Mwanakuu, nilianza biashara na sanduku moja la bolti chini ya mwavuli Shimanzi, leo nina duka lenye aina elfu moja na mia nne za vipuri, na dereva wa lori akija kutafuta nati moja, sijapata kumwambia ngoja siku themanini na tano. Nimesimama kwenye mlango wa ofisi yako mara thelathini na moja. Ufa wa chumba cha mamangu umekua milimita saba tangu umeme ulipokatika, yaani milimita moja kila siku kumi na mbili, na hiyo ni kiangazi. Masika yakianza sijui hesabu itakwendaje, na sitaki kuijua. Mamangu hataki kutoka kwenye chumba alichonizalia, nami nalala mlangoni pake nikisikiliza mchanga wa chokaa unavyoteremka.

(Mwenye tuktuk amezima injini.)

Sitaki mradi. Sitaki nguzo. Nataka nusu ya karatasi. Mimi ndimi nambari moja kwenye foleni, kwa hivyo printa ikiunganishwa, ukurasa wa kwanza kutoka ni wangu, nami nitakuwa juu ya ngazi naungoja kwa mikono miwili. Fadhiya ametaka dakika saba. Ijumaa ni Ijumaa Kuu, ofisi mtafunga, na hamtafungua mpaka Jumanne ya wiki ijayo. Kwa hivyo nakupa kuanzia saa tano ya leo, uliposimama hapo, hadi Alhamisi saa sita adhuhuri. Ni saa arubaini na tisa, dakika elfu mbili mia tisa na arubaini. Ndani yake kazi ya Fadhiya yaweza kufanywa mara mia nne na ishirini, bila ya kubaki hata dakika moja ya chai.

(Mkurugenzi Msaidizi anatazama saa yake. Mstari mmoja umebaki.)

Usiniandikie, huna pa kuchapisha. Nijibu kwa mdomo, mbele ya watu hawa hawa, kwa neno moja, Alhamisi kabla ya saa sita: Fadhiya atapanda ngazi, ndiyo au la?